Jasusi Aliyerudi Kutoka Majini

Sisi tuliokuwa wasichana miaka ya tisini, kitabu kimoja kilisomwa na kijiji kizima hadi kurasa zikanuka omena, dagaa wetu wa ziwani. Tulikaa kwenye mawe ya ziwa huku Homa Bay, omena zimeanikwa, kuku tunawafukuza kwa mguu, na binamu yangu Achieng, aliyesoma bweni Migori, anatusomea huku akitugeuzia Kiingereza chake kwa lugha yetu. Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini masikio yangu hayakuacha.

Kitabu chenyewe kilisifiwa bweni zima. Msichana jasusi anampenda kijana jasusi wa upande wa adui. Katikati, kijana anazama baharini, mwili haupatikani. Hapo rafiki yangu Akoth akaacha kugeuza omena.

Kaka yake Ouma alikuwa amezama karibu na kisiwa cha Takawiri, na ziwa halikumrudisha. Kwetu mtu kama huyo haachwi bila kaburi. Wazee walikata yago, lile tunda refu zito kama mtoto mchanga, wakalifunga shuka, tukalililia kwa jina lake, likazikwa. Nililiona likiteremshwa. Lilikuwa na mabega, naapa.

"Soma mbele," Akoth akasema. "Anarudi?"

"Ngoja basi, wewe! Si upumue kwanza?" Achieng akacheka.

Ukurasa wa mwisho, mlango unagongwa. Msichana anafungua. Kijana huyo hapo, nywele zinachuruzika maji, anatabasamu. Wanabusiana. Kwisha.

Nilikasirika, wacha tu! Hatukuambiwa alikuwa wapi, alikula nini, alitokaje majini. Mtu aliyeliliwa anarudi meno nje, na wewe unampa mdomo? Kwetu ungeruka dirisha. "Upuuzi mtupu," nikasema. Achieng mwenyewe akakifunga kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

Akoth hakutusikia. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na ziwa lilikuwa limetulia ti. Hata kuku walinyamaza. Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo tulizika tunda."

Toka siku hiyo akawa haufungi mlango, na jioni anamwekea Ouma ugali na samaki kwenye sahani yake ya bluu. Mama yake akifika, anamwaga. "Usimwite, mwanangu! Atakuja mwingine na sauti yake."

Asubuhi moja sahani ilikutwa tupu, na sakafu ya udongo ina maji kutoka mlangoni mpaka kwenye sahani. Mama alisema ni mbwa. Boma lile halikuwa na mbwa.

Sasa mjukuu wangu anasoma hadithi hizo hizo kwenye simu. "Lakini Dani, mwisho wake si mtamu?" ananiuliza mimi nyanya yake. Anasoma, anafuta, analala fofofo. Watoto wa siku hizi hadithi haiwagusi hata ukucha. Wakati mwingine nawaonea wivu. Kwetu kitabu kibaya kimoja kiliingia nyumbani na hakikutoka.

Juzi nilimtembelea Akoth huko Oyugis, anakouza vitambaa. Ni nyanya kama mimi, mnene, mcheshi, tulicheka mpaka chai ikapoa. Mvua ikaanza, na mlango ukagongwa.

Mimi nikauliza, "Nani?"

Akoth hakuuliza. Aliinuka, akachukua taulo.