Akwilini na Jani la Isale Juu ya Ziwa

Usiku ule nililala na njaa kidogo. Naanza na hilo ili mtu asije akasema mzee alivimbiwa, ndiyo maana akaota. Nilikunywa chai na kipande cha mkate, basi. Na usiku wa huku Kanada kwa mwanangu Godlisten ni mrefu, jua linazama saa kumi jioni kama kibarua aliyetoroka kazini.

Tulikuwa tumeshinda mezani tukipanga safari. Godlisten na mkewe Rehema walikuwa wameazima pikipiki mbili za theluji, zile zisizo na magurudumu: mbele zina mbao za kuteleza, nyuma mkanda kama wa katapila. Ukiipiga moto inanguruma kuliko mashine ya kukoboa mahindi. Huku zina njia zake kabisa, zinapita misituni jimbo zima, zimechomekewa vijiti vyenye vibao vya rangi, na mahali mahali kuna vibanda vya kuotea moto. Ramani ya njia hizo ilijaa meza, sahani zikakosa pa kukaa. Waende wao wawili, siku mbili, mimi nibaki nalinda jiko lisizimike.

Rehema akanitania. "Baba, pikipiki ya Moshi, yenye magurudumu, ulikuwa unaipanda umefumba macho. Hii ungeiweza?"

"Ningeiweza, nikakuacha kwenye vumbi."

"Vumbi gani, Baba? Huku hata vumbi linaganda."

Tukacheka. Nasema tulicheka ili mjue nyumba ilikuwa njema.

Sasa, njia ile ilikuwa inazunguka ziwa lililoganda na kufunikwa theluji, mzunguko mrefu mno. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini ujanani nilibeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, na mpagazi wa zamani haoni aibu mbele ya ramani. Nikaweka kidole katikati ya ziwa.

"Kateni hapa."

"Baba," Godlisten akasema, "hapa hawajaweka vijiti."

"Nimekanyaga theluji wewe hujazaliwa."

Rehema akasema tuwapigie simu wenye njia, tuwaulize. Nikanuna. Mzee akinuna nyumba nzima inanyamaza, huo ni ubaya wetu wazee, tunaujua na tunautumia. Godlisten akachukua kalamu, akachora mstari kukatiza ziwa. Wangeondoka alfajiri. Nikaenda kulala nimeshinda.

Basi nikajiona niko mezani peke yangu, napangusa makombo kwenye ramani. Kumbe si makombo, ni vijiwe vya mlimani. Ramani ikawa ya baridi chini ya kiganja. Nikatazama chini, nimesimama juu yake, na upande wa pili anakuja mtu na mzigo kichwani.

Ni Akwilini.

Akwilini alikuwa mpagazi mwenzangu, tumekua kihamba kwa kihamba, migomba yao inaegemea yetu. Alifia mlimani. Theluji ilianguka mchana ikafunika njia, na watu wote nyumbani wanajua kwamba Akwilini alitangulia mwenyewe, akapotea, akateleza korongoni. Wanajua hivyo kwa sababu mimi niliwaambia. Mama yake alinimiminia maziwa siku ile, akanishukuru kwa kuurudisha mwili wake nyumbani. Niliyanywa yote.

Amevaa viatu vyake vilevile vya turubai. Theluji inaanguka, lakini mabegani mwake haikai. Namwamkia kwa Kichaga, haitikii. Kisha naendesha pikipiki ya theluji, mimi ambaye sijawahi, na yeye yuko nyuma yangu ameshika kiuno changu. Hana uzito. Mikono tu ndiyo ninayoisikia, baridi yake inapita koti, inapita fulana. Injini inanguruma lakini sauti haipo. Vijiti vya njia vinapita, vinapita, mara vimekwisha.

Tuko katikati ya ziwa.

Anashuka. Anatoa jani la isale kutoka kwenye mzigo, kijani kibichi, linatoka maji kama limekatwa sasa hivi. Isale ni jani letu Wachaga. Uliyemkosea ukimpelekea isale, hawezi kukunyima msamaha. Nami nikafurahi, nikadhani amekuja kunisamehe. Nikanyoosha mkono.

"Si lako," akasema. "Wewe hukuniletea."

Akalichomeka mbele ya miguu yangu, likasimama. Ndipo nikakumbuka kazi nyingine ya jani lile: tunalipanda mpakani, na ukilikuta limesimama, huvuki.

"Chimba."

Napiga magoti, nachimba kwa kucha. Kule mlimani ukichimba theluji hata ikiwa ya kiunoni, mwisho utafika kwenye jiwe. Nangoja jiwe. Nachimba, kucha zinauma, jiwe haliji. Linakuja giza. Ni maji, meusi, yanasogea, na chini yake, polepole, inapita kofia nyekundu ya sufu. Aliifuma Rehema. Ya Godlisten.

"Hii haina jiwe chini," Akwilini anasema. Anainama hadi pumzi yake inanigusa sikio, na haina joto. "Safari hii utamwambia nani kwamba alitangulia mwenyewe?"

Nikaamka. Mngurumo ule sasa una sauti, uko nje, dirisha linatetemeka.

Nilitoka pekupeku, mtu wa miaka yangu, nyayo zinaunguzwa na theluji. Godlisten amekwisha kukaa juu ya pikipiki, kofia nyekundu kichwani. Nilishika usukani.

"Zima."

"Baba, miguu!"

"Zima, mwanangu. Unaikumbuka habari ya Akwilini?"

"Yule aliyepotea mlimani?"

"Hakupotea. Tulikuwa kwenye njia. Mimi ndiye niliyemwambia akate, nikasema naijua theluji. Akanisikiliza kama ulivyonisikiliza wewe jana."

Akazima. Rehema akaja na blanketi, akanifunika, hakunitania. Nikasema yote palepale, hata maziwa aliyonimiminia mama yake Akwilini. Na nikasema jambo ambalo kulitamka kuliniuma kuliko miguu: kwamba maisha yangu yote sijawahi kukanyaga theluji iliyo juu ya maji.

Tulirudi ndani. Godlisten akakunjua ramani, akataka kufuta mstari wake. Nikamwomba kalamu. Sikuizoea, lakini ukingoni mwa ziwa nikachora jani, refu, limesimama. Lilitoka vibaya kama la mtoto.

Godlisten akalitazama. Amekaa huku tangu ujana wake, lakini alilijua.

"Tutazunguka, Baba," akasema.