"Nikikuvuta, Sema": Msusi wa Sakina na Ugonjwa Alioambiwa Haupo Huku

Baridi ya Mlima Meru bado haijaachia, na malori ya Namanga yanaunguruma barabarani, wakati Salha Khalfani anapovuta stuli yake hadi karibu na mlango wa saluni, mtaa wa Sakina jijini Arusha. Anakaa mbali na draya kwa makusudi. Joto likimpata, jicho lake la kushoto huingia ukungu.

"Nikikuvuta, sema," anamwambia mteja aliyeketi mbele yake.

Mteja ni Eunike Mbise, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Maji ya Chai. Leo anataka twende kilioni, ule msuko wa mistari iliyonyooka kwenda kisogoni. Anaitikia kwa kichwa na kushika kiti kwa mikono miwili. Wasusi wenzake Salha wanajifanya kuchambua rasta, lakini masikio yote yako kwenye kiti hicho.

Wana sababu. Mwaka jana Eunike alitoka kwenye mikono hiyo hiyo akiwa na vipele kuzunguka paji la uso. Siku ile hakusema neno. Alisema baadaye, kanisani na sokoni, na wateja wa upande wa Maji ya Chai wakakatika kama maji ya bomba.

"Hata mimi ningekimbia," anasema Salha. "Mkono wangu ulikuwa mzito, na mwenyewe sijui."

Kwa msusi, kuambiwa ana mkono mzito ni tusi linalouma. Salha, mwenye umri wa miaka 36, mzaliwa wa Daraja Mbili katika familia iliyotoka Kondoa, alisifika kwa mkono mwepesi tangu usichana wake. Watu walikuwa wakisinzia akiwasuka.

Kisha likaja jicho. Lilififia, likauma, likapona lenyewe, naye akasahau. Miezi ikapita, ncha za vidole zikafa ganzi.

"Nilikuwa nashika nywele kama mtu aliyevaa soksi mikononi," anasema. "Basi navuta nihakikishe nimeshika. Kumbe namuumiza mtu."

Alitibiwa malaria, akatibiwa presha ambayo hakuwa nayo, akachomwa sindano za vitamini. Ndugu mmoja alimpeleka kusomewa dua. Mwingine alinong'ona kuwa kuna mtu kamfunga mikono kwa kijicho.

Mumewe, Najim, ndiye aliyesoma kwenye simu habari za ugonjwa uitwao multiple sclerosis, au MS kwa kifupi. Huo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Alimtajia daktari wa kwanza.

"Akatabasamu," anakumbuka Najim. "Akasema, 'Kaka, huo ni ugonjwa wa Wazungu, huku haupo.' Nikaona aibu, nikanyamaza."

Walirudi nyumbani. Ni baada ya Salha kuanza kuyumba akitembea, na jirani kudai eti anakunywa, ndipo walipopewa rufaa ya kwenda kupimwa MRI. Jibu lilikuwa lile lile alilolisoma Najim.

Daktari wa pili aliwaeleza kwa utulivu. Ni kweli MS huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama za Ulaya Kaskazini, na wagonjwa wanaoripotiwa katika nchi kama yetu ni wachache. Lakini uchache si kutokuwepo. Penye mabingwa wachache wa mishipa ya fahamu na mashine chache za kupimia, wengine huugua hadi uzeeni wakiitwa kwa jina la ugonjwa usio wao.

Saluni walipopata habari, wakambatiza Mzungu wa Kondoa.

"Nikawaambia basi mnipe na pasipoti," anasema Salha, akicheka. Kicheko hakidumu. Anakiri kwamba alilia sana, si kwa ugonjwa, bali kwa miezi aliyoonekana mwongo.

Mwenye saluni, Mama Godwin, alimweleza waziwazi kuwa wateja wasiporudi, kiti chake atapewa mwingine. "Namwonea huruma," anasema Mama Godwin, "lakini pango halilipwi kwa huruma."

Salha hakutaka huruma. Dawa za kupunguza makali hazipatikani kirahisi, na ya kuponya kabisa haipo, lakini kusuka alijua. Alisogeza kioo ili aone ngozi ya kichwa inavyoinuka na uso wa mteja unavyobadilika. Yale ambayo vidole havimwambii, akaamua kuuliza.

Hapo ndipo palipomshinda. Wanawake wengi huku wamelelewa kuvumilia kwenye kiti cha msusi. Mtu anaumia, anashukuru, anaondoka, harudi.

Sasa, kwenye kioo, anaona Eunike, aliyerudi baada ya kusikia habari za ugonjwa, amefumba macho. Mikono ya Salha inasimama.

"Mwalimu, umefumba macho."

"Endelea tu, mwanangu. Nimezoea kuvumilia."

"Mimi ndiyo siwezi, mwalimu. Usiposema, sina pa kujulia."

Eunike anafumbua macho na kumtazama kwenye kioo.

"Basi hapo nyuma ya sikio," anasema. "Umenivuta."

Salha anafumua mstari mzima na kuuanza upya. Anavyotabasamu, utadhani amesifiwa.

Akiendelea kusuka, anaeleza mpango wake. Amemwachia daktari wake namba yake ya simu, ampe mgonjwa yeyote wa MS atakayekuwa tayari. Simu hiyo bado haijapigwa.

"Lakini wapo, siwezi kuwa peke yangu," anasema. "Yuko mtu ameambiwa haupo, kanyamaza. Huyo namtaka aseme."

Eunike anajitazama kwenye kioo cha mbele, kisha cha nyuma, anapapasa paji la uso.

"Ijumaa nitamleta Hope, binti yangu," anasema. "Ila huyo ni mkimya, atakaa aumie tu."

"Mlete, mwalimu," anajibu Salha. "Nitamfundisha kusema."