Pikapu Iliyopakwa Samli

Enzi zetu gari lilioshwa nyumbani, na mtaa mzima ulikuja kutoa maoni.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Maganzo, mtu wa Tabora asiye na hata ndama, na kwa wakwe zake kule Kishapu hilo lilikuwa kosa. Bibi, mama yake mama, hakuficha: "Binti yangu kaolewa na sindano." Basi mama mdogo alipopata mchumba, Baba akaapa kwamba safari hii Mama ataingia kwao na gari linalong'aa. Akanunua pikapu kuukuu ambayo kuku walikuwa wameihamia. Zilibaki wiki mbili tu kufika siku ya harusi.

Jamani, tulifanya kazi! Mimi na kaka yangu Ramadhani tulikwangua mavi ya kuku kwa vijiko (Mama hakuvitaka tena vijiko vile), tukasugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Sakafu iliyotoboka tuliiziba kwa debe lililopondwa. Viti Baba alivishona mwenyewe kwa turubai, akavijaza pamba ya shambani isiyotolewa mbegu, ukikaa zinakufinya. Nilikuwa na furaha ambayo hata leo sijui niieleze vipi. Kilichotushinda ni rangi. Ile buluu ya milango ilikauka ikapauka kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta.

Hapo ndipo akili ilipotujia. Mama hakuruhusu mtoto atoke bila kupakwa mafuta: "Mnataka watu waseme hamna mama?" Asubuhi ya safari, wazazi wakiwa ndani wanavaa, tulichukua kibuyu cha samli, zawadi ya harusi, tukaipaka pikapu mbele hadi nyuma. Iling'aa! Baba alipotoka alibaki mdomo wazi, akatusifu, wala hakuuliza. Mama ndiye aliyeinua kibuyu akakikuta chepesi.

"Fimbo yenu mtaikuta tukirudi," alisema.

Wenzangu mnaijua barabara ile wakati wa kiangazi. Vumbi lote la njiani lilinata kwenye samli. Tulifika kwa Bibi na kitu cha rangi ya kichuguu. Wageni wakatukodolea macho. Baba hakushuka, alishika usukani tu, na mimi nikaanza kulia maana nilijua tumemwaibisha.

Bibi akaizunguka pikapu. Akapitisha kidole kwenye boneti, akanusa, akaonja.

"Bagosha, jamani!" akapaza sauti. "Hii samli! Njooni mwone, mkwe wangu ana samli mpaka ya kupaka gari!"

Vigelegele vikalipuka. Tangu amwoe Mama, Baba hakuwahi kuitwa mkwe pale. Akashuka taratibu, akaweka kofia sawa kama mwenye ng'ombe mia, akaamkia: "Shikamoo, mama." Mama alicheka mpaka akakaa chini, na fimbo yetu ikasahaulika.

Siku hizi mwanangu hupeleka gari lake kwa vijana wenye mashine ya maji, akakaa pembeni anachezea simu. Nusu saa, tayari. Linang'aa kweli, sikatai. Juzi alipokuja kunichukua nilipitisha kidole kwenye boneti, nikanusa. Halikuwa na harufu ya mtu yeyote.