Fundi Aliyeiongezea Injini Kikombe cha Chai

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, gari dogo la abiria lenye rangi ya maziwa linaingia gereji na kusimama bila kuzimwa. Mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na tisa anaweka spana juu ya tairi kuukuu, anafungua boneti, anainama na kufumba macho. Hagusi kitu. Anasikiliza tu.

Dereva, mwanamke aliyevaa sweta la kijani, anamngoja akiwa ameegemea usukani. Ana wanafunzi kumi na wanne wa kuwachukua, lakini hamharakishi.

"Nenda, mdogo wangu," fundi anasema hatimaye, akishusha boneti. "Inapumua vizuri kuliko mimi."

"Kuliko wewe hata redio yangu mbovu inapumua," anajibu dada yake, na gari linaondoka.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu fundi huyo aifungue injini ya gari hilo, aiwekee kranki ya injini nyingine na kuifunga tena. Kila asubuhi dada humpitishia aisikilize. Hakuna tena kinachohitaji kusikilizwa. Wote wawili wanajua, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuiacha desturi hiyo.

Mtaani wanamwita Milimita. Muulize duka liko umbali gani, atakutajia hatua. Majirani husema kwamba hata chumvi mkewe huitia kwa geji, kile kipimo cha mafundi. Yeye mwenyewe hakasiriki. Anasema watu wengi huishi kwa kukisia, na magari yao ndiyo yanayomlisha.

Gari la dada yake lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: mlima. Shule anayoihudumia iko juu, mwisho wa barabara ya lami yenye mwinuko wenye urefu wa mita mia tisa. Likiwa tupu, lilipanda. Likiwa na watoto kumi na wanne na mikoba yao, lilikoroma, likapunguza mwendo na kusimama njiani. Wanafunzi wakubwa walilibatiza jina la Kobe. Mara nyingi walishuka nusu yao wakapanda kwa miguu, na siku za mvua walifika darasani viatu vikitoa maji.

Kabla ya likizo iliyopita, mwanamke huyo alipokea barua ya shule. Ilikuwa ya adabu na fupi: akichelewa tena muhula ujao, shule itatafuta gari lingine. Ana watoto watatu anaowalea peke yake kwa gari hilo. Alipouliza bei ya injini kubwa zaidi, aliambiwa kiasi ambacho yeye hukipata kwa miezi tisa, asipokula.

Ndipo alipokwenda kwa kaka yake. Milimita alijua dawa, na alijua kwamba ni rahisi. Kiwanda kilichounda gari hilo kiliunda pia jingine lenye injini ya umbo lilelile, ila yenye kranki ndefu zaidi. Katika uwanja wa vyuma chakavu, kranki kama hiyo hupatikana kwa bei ya matairi mawili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona injini ikiwa wazi: pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda kama mchi ndani ya kinu. Kranki ni chuma kizito chenye mikono, kilichoko chini yake, kinachogeuza kupanda na kushuka huko kuwa mzunguko. Mikono ikiwa mirefu zaidi, pistoni husafiri mbali zaidi. Kinu ni kilekile, lakini humeza hewa na petroli zaidi, na nguvu huongezeka.

"Ya zamani ilikuwa na safari ya milimita sabini na saba. Hii ni themanini na tisa," anaeleza Milimita. "Tofauti ni upana wa kidole changu cha mwisho. Lakini ukizijumlisha silinda zote nne, tumetoka ujazo wa sentimita 1,289 tukafika 1,490. Ni kikombe cha chai, tena si cha kujaa. Kikombe hicho ndicho kinachoupanda mlima."

Pamoja na kuijua dawa, alikataa. Alimwambia dada yake atafute fundi mwingine.

Miaka saba iliyopita aliwahi kuifanya kazi hiyohiyo kwenye gari la mfanyabiashara wa mboga. Alipima nafasi ya pistoni moja, akaridhika, akafunga. Siku ya tatu, boliti ya mkono unaoiunganisha pistoni nyingine na kranki iligusa ukingo wa ndani wa injini. Mkono ukakatika na kutokea ubavuni mwa injini. Hakuna aliyeumia, ila ilimchukua miaka miwili kumrudishia mwenye gari injini nyingine.

"Sikuibiwa, sikurogwa," anasema. "Nilipima moja, nikaziapia nne."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Milimita alitengeneza breki, akabadilisha oili na kuziba matairi. Injini hakuifungua tena. Wateja waliomsihi aliwaambia macho yamepungua nguvu, na macho yake hayana kasoro.

Dada yake hakudanganyika. "Kaka, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimwambia. "Nimekuja kwako. Sikuja kuuliza njia ya kwa mwingine."

Shule zilikuwa zimefungwa kwa siku tisa. Injini ikiharibika mikononi mwake, Jumatatu ya kufungua dada angeamka hana gari wala kazi. Milimita alianza siku ya pili, baada ya kuipoteza ya kwanza kwa kuzunguka gari na kupanga spana zilizokwisha kupangwa.

Alinunua kranki na pistoni za injini ile kubwa, maana pistoni za zamani zingepanda milimita sita kupita kiasi. Alipeleka kranki kwa fundi wa mashine ikasuguliwa. Kisha akaingia jikoni kwake na kuchukua donge la unga uliokandwa.

"Nilidhani baba watoto ameamua kujifunza kupika," anasimulia mkewe. "Nikafurahi mapema."

Donge hilo alilitandaza juu ya pistoni, akafunga kichwa cha injini, akaizungusha kwa mkono taratibu mizunguko miwili, akafungua. Unga uliobonyezwa aliukata kwa wembe na kuupima unene, ajue pistoni inaachiana vipi na valvu, vile vilango vya hewa vilivyo juu yake. Safari hii alizipima zote nne. Chini pia alipitisha kipimo kati ya kila mkono na ukingo wa ndani wa injini, na palipokuwa pembamba akapasugua kwa tupa. Siku ya saba alifunga kila kitu.

Jumamosi saa nane mchana, dada alikaa kwenye usukani na kuwasha. Injini iliitika mara moja. Halafu, chini kabisa, ikaanza sauti ndogo: tik, tik, tik, tik.

Milimita alimwashiria azime. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Mkewe aliyekuwa mlangoni anasema aliyaona yale ya miaka saba iliyopita yakirudi usoni mwa mumewe. Dada naye hakulaumu wala hakulia. Alifanya anachokifanya kila dereva mwangalifu asipojua la kufanya: alikwenda kupima oili.

Alichomoa kile kijiti chembamba cha kupimia, akakifuta, akakitazama, akakitazama tena.

"Kaka," alisema, "hiki kijiti kimeng'atwa."

Ncha yake ilikuwa imepinda na kung'aa kama sarafu mpya. Kranki mpya ilikuwa ikizunguka kwa upana zaidi, na kila mzunguko ilikichapa kijiti kidogo. Siku zote za kupima, kijiti hicho kilikuwa kimening'inia ukutani kwenye msumari. Fundi alipima kila chuma kilichokuwa ndani ya injini, akasahau kile ambacho kingeingia mwisho.

Milimita alicheka mpaka akaomba maji. Mkewe anasema hakujua kama ni kicheko au kilio, na hakuuliza.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya saa mbili. Alimwaga oili yote kupitia kitambaa cheupe kuhakikisha hakuna chembe ya chuma, akalipinda kidogo bomba la kijiti liegemee pembeni, akanyoosha ncha na kuchora alama mpya ya kipimo. Alizungusha injini kwa mkono, kijiti kikiwa mahali pake. Dada alipowasha tena, ilinguruma bila neno la ziada.

Jumatatu Milimita alikataa kupanda garini, akidai atapunguza nafasi ya mtoto. Alisimama chini ya mlima. Walikuwa wamekubaliana kwamba dada akifika juu atapiga honi. Gari lilimpita limejaa, likakata kona. Haikupita dakika mbili, honi ikalia.

"Nilikaa hapohapo ukingoni mwa barabara," anasema. "Kisha nikarudi gereji nikihesabu hatua."

Wiki iliyopita alikuja dereva wa lori la maji, aliyepitwa na gari la dada katikati ya mwinuko na kutaka kujua lilikula nini. Milimita anapanga kununua geji yake ya kupimia silinda, aache kuazima. Lori atalifungua shule zikifungwa, dada yake akiwa na nafasi ya kuja kusaidia kutafuta alichokisahau.

"Nimemwambia, lilete," anasema, akifuta mikono polepole. "Miaka saba sikumwambia mtu neno hilo. Nilipolitamka, nililazimika kulirudia, nisikie kama ni mimi."