Neva Iliyokataa Kuzunguka

Kwenye simu ya binti yangu niliona roboti ya ng'ambo ikimpasua mtu rovu la shingoni, mikono minne, hata mmoja hautetemeki. Langu lilipasuliwa na daktari wa mikono miwili tu, kijana wa kuniamkia shikamoo. Kabla ya hapo nilisaini karatasi kukubali kwamba naweza kuzinduka bila sauti. Miaka ishirini na mbili nimefundisha darasa la kwanza hapa Dongobesh. Bila sauti mimi ni nini, ubao?

Nilipozinduka, daktari alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota ng'ombe. Akanieleza kwamba neva ya sauti, upande wa kulia, hushuka hadi juu ya kifua, ikazunguka mshipa mkubwa wa damu, ndipo ikapanda kooni. Yangu haikujisumbua. Ilikatiza shingoni moja kwa moja, palepale kisu kinapopita.

"Ni nadra sana, mama. Hata wenye roboti wanaweza kuikata. Nilipoiona nikawaita wanafunzi wa udaktari waje kuitazama."

Nilifurahi mno: shingo yangu iko wazi, na wageni wanakaribishwa. Neva ilikuwa salama ila imeshtuka, akasema. Sauti ingerudi baada ya wiki kadhaa, au isirudi.

Nyumbani, mume wangu alianza kusikiliza redio kwa amani. Watoto wa jirani waliniamkia wakasimama kungoja marahaba, kama walivyofundishwa, nami nikawapungia mkono mpaka wakachoka. Jikoni nililia, kimyakimya, maana ndivyo nilivyoweza.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Getanuwas. Ndiye aliyesema siku ya harusi yangu kwamba mwanawe ameoa kengele ya kanisa. Aliketi akingoja shikamoo yake. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Mume wangu akamweleza habari za neva.

"Nilijua zamani huyu hakuumbwa kama wenzake," akasema, akaomba chai.

Akakaa wiki tano. Kila asubuhi aliketi palepale, akinitazama mdomo, akingoja. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Asubuhi moja ikatoka. "Shikamoo, mama." Nyembamba, ya kukwaruza, lakini sauti.

"Sijasikia. Rudia."

Nikarudia.

"Sijasikia."

Nikarudia kwa hasira, ikafika hadi zizini. Ndipo nikaona amejifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yanatikisika.

"Rudia, mwanangu," akasema.

Nikarudia. Katika miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia nikimaanisha.