Malori Saba Kwenye Baridi Kwenda Kumwoza Mdogo Wangu

Bwana Mhariri, jina langu lifunike. Mtaa wangu sema ni Kariakoo tu, maana huku nyumba zimebanana, mtu akikohoa wa nyumba ya tatu anamwambia pole.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja. Baba alifariki nikiwa na kumi na tano, mama akamfuata baada ya mwaka. Nikabaki na mdogo wangu wa kike wa miaka minne. Baba yetu mdogo, ambaye kutoka mlango wake hadi wetu ni hatua mia mbili, nimezihesabu, alikuja akala matanga akaenda zake. Mimi nikabeba magunia sokoni. Nikamlea yule mtoto, nikamtia shule mpaka akajua kuandika mwandiko wa kulala. Mwaka jana nikapata unyapara kwenye shamba la mzungu mmoja huko juu, kupita Njombe.

Nyinyi wa pwani msiombe kukujua. Asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Ukungu ukishuka huoni mkono wako, na waweza kutembea tangu asubuhi hadi adhuhuri usione moshi wa jiko hata mmoja. Huko ndiko barua ya mdogo wangu ilikonikuta: “Kaka, nimeposwa na mtoto wa Mwarabu mwenye duka. Harusi ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ukiweza uje.”

Nikapiga hesabu. Zimebaki siku kumi na mbili. Mzungu akaninyima ruhusa, nikaondoka bila ruhusa. Ni nani wa kumwoza msichana asiye na baba wala babu, kama si kaka yake wa baba mmoja mama mmoja?

Gari la abiria huko hakuna. Unasimama kando ya barabara na kuomba dereva akupakie. Siku ya kwanza halikupita hata moja. Siku ya pili mvua ya barafu ilininyea hadi mfupa, Mbena mmoja na mkewe wakanivuta kwenye moto wao wakanipa uji. Lugha yao na yangu zilikutana kwenye maneno kumi hivi. Siku ya tatu likaja lori la ngozi. Dereva Mnyamwezi, mtani wangu, akachungulia.

“We Mzaramo! Samaki wamekwisha kwenu, umefuata nini huku?”

“Nawatafuta babu zako waliopotea na mizigo ya watu.”

“Haya panda juu ya ngozi. Ukifa nakuzika bure, lakini koti ni langu, ndiyo haki ya mtani.”

“Koti lenyewe gunia!”

Akacheka mpaka akazima injini. Alinifikisha njia panda, yeye akakata kulia, mimi nikabaki tena na upepo. Lori la pili lilinitupa baada ya maili sita, tairi mbili zikiwa zimepasuka. Kwa ufupi nilipanda malori saba hadi Dodoma, na vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo havina habari na mimi. Kisha treni. Siku kumi jumla. Jumatano nikashuka stesheni, nikajisifu moyoni: siku mbili za akiba.

Nikakatisha Mnazi Mmoja, nikafika kwa baba mdogo. Uani wanawake wanahesabu sahani za kuazima wazirudishe. Jirani yetu akanishangaa: “Ala! Si tuliambiwa hujulikani uliko? Pilau tumelila Ijumaa iliyopita!”

Nikaingia ndani. Baba mdogo akaacha kutafuna.

“Mwanangu, karibu. Shehe aliuliza habari zako, tukamwambia umepotelea bara. Nikasimama mimi kuwa walii, nikamwoza.”

“Kama nimepotea, barua mliipeleka kwa nani?”

Ijumaa ile ya uongo kwenye barua haikuandikwa na yeye, kwani hajui kalamu. Ule mwandiko naujua, niliusomesha mimi.

Ijumaa msikitini shehe aliyefungisha ndoa akanisalimu, akaniuliza mimi ni nani kwa bibi harusi. Nikamwambia. Akashika ndevu. “Kaka hai, anayejulikana aliko, ami hana nafasi. Ndoa hiyo lazima irudiwe, na idhini ni yako. Nawapa siku kumi na nne. Zikipita, nitawatenganisha mbele ya watu.”

Jioni hiyo mdogo wangu akaja, kajifunika buibui mpya, hakuweza hata kukaa.

“Shikamoo kaka.”

Sikuitika.

“Baba mkwe aliuliza kwetu ni watu gani. Ami akasema baba yetu alikuwa na duka. Ungekuja wewe na mikono hiyo, ningesema nini? Kaka, nakuomba. Njoo kwa mume wangu alasiri, wakwe wakiwa dukani, upitie mlango wa uani. Utamke idhini mbele ya shehe na mashahidi wawili, basi. Wakwe hawatajua.”

“Nipite na takataka?”

Akalia. Nami, wasomaji, nililia alipotoka.

Ami amenijia mara tatu. Ananiambia nisimvunjie mtoto nyumba. Nikinyamaza mpaka siku za shehe zipite, hataaibika yeye. Ataaibika yule niliyemfunga mgongoni huku nina gunia kichwani. Nikitoa idhini uani kama mwizi, uongo wao nitakuwa nimeutia muhuri mwenyewe. Au niingie mlango wa mbele, nikae sebuleni na mikono yangu hii mbele ya Waarabu wale, nimwoze kwa jina la baba yetu ambaye duka hakuwa nalo, liwalo na liwe?

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu na nyinyi mnaosomewa barazani, wenye dada na wenye kaka, nipeni neno moja. Zimebaki siku tisa. Nimwoze, au nisimwoze?