Santuri ya Watu wa Kusini

Santuri ile tulipewa na mhandisi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akirudi kwao baada ya miaka mingi kwenye visima vya mafuta. Alikuwa amepanga nyumba ya pili kutoka yetu, na siku ya kufungasha alitoa nje vitu asivyotaka kubeba: viti vya plastiki, feni mbovu, mashine ya santuri na spika zake mbili. Mimi na sahibu yangu tulikuwa tunarudi kutoka chuoni Al Khoudh, hapa Maskati. Mzee yule akatuita, akatukabidhi mashine, halafu akachomoa sahani moja ya santuri aliyokuwa ameibana kwapani.

"Hawa ni watu wa kwetu, wa kusini," alisema. "Hii ndiyo albamu yao ya kwanza. Walijifunzia kwenye kibanda cha bati, kwenye joto kama lenu hili."

Nikabeba mashine nikatangulia. Sahibu yangu alibaki getini akizungumza na yule mzee, na alipokuja alikuwa kimya.

Lazima nieleze huyu sahibu yangu alikuwa nani, maana bila ya hilo habari hii haieleweki. Mama yake alizaliwa ndani ya nyumba ya babu yangu, Unguja, na mama wa mama yake vivyo hivyo, na kabla yao kulikuwa na mtu aliyenunuliwa, ingawa kwetu neno hilo halikutamkwa. Bibi yangu alipokimbilia Maskati alikuja na huyo mama wa sahibu yangu, msichana bado. Akaolewa, akafiwa na mume, akabaki kwetu na mwanawe katika vyumba viwili nyuma ya uwanja. Tukimtaka kitu tulimwita Mama Mdogo. Wageni wakija, alikuwa "yule mtu wetu wa jikoni." Mimi na mwanawe tulipishana miezi mitatu. Tulihitimu Kurani pamoja, tukaingia chuo mwaka mmoja. Ungeniuliza wakati huo ningesema ni ndugu yangu, na nisingejua kama nasema uongo.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kwa nini albamu ile ilitushika. Hatukuwa watu wa roki. Nyumbani kulikuwa na taarabu za mama, na baba alisikiliza habari tu. Lakini wale jamaa walipiga kama mafundi walioanza kazi asubuhi. Magitaa matatu, na hakuna moja lililolikanyaga jingine. Moja likisema, mengine yanalisikiliza, kisha yanajibu. Mwimbaji hakupiga kelele. Alisimulia, kama mtu anayekupa mkasa wake kizingitini huku kiatu kimoja amekwisha kukivaa. Na ule wimbo wa mwisho unaanza pole pole kama maombolezo, unakwenda hivyo mpaka unadhani umekwisha, halafu magitaa yanaondoka mbio na hayarudi tena. Mara ya kwanza tulipousikia tulikaa tumetazama sakafu.

"Unajua utamu wake uko wapi, yakhe?" sahibu yangu aliniambia baadaye. "Hawa bado hawajui kama watapendwa. Albamu ya pili mtu anajua. Hii ya kwanza wanapiga kama watu wanaobisha hodi."

Sijasikia mtu aliyeieleza vizuri zaidi ya hapo.

Mama akiisikia alipiga kelele kutoka ukumbini: "Zimeni hilo zogo lenu, majirani watasema tumeingiliwa na mashetani!" Na Mama Mdogo akijibu kutoka jikoni: "Waache, Bi Mkubwa. Wakiwa na kelele tunajua walipo."

Sahibu yangu alinunua gitaa kuukuu sokoni Ruwi na akaanza kujifunza albamu yote kwa sikio. Alinyanyua sindano, akairudisha nyuma, akasikiliza sauti mbili tatu, akazitafuta kwenye nyuzi, akanyanyua tena. Mimi nilijaribu wiki mbili nikaacha. Yeye alichukua mwaka mzima, na mwaka ulipokwisha nyimbo zote za santuri ile zilikuwa vidoleni mwake.

Siku za Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, tulikwenda ufukweni Qantab kwa gari langu. Dada yangu alifuatana nasi na chupa ya chai na vitumbua. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka miwili. Tulikaa pale chini ya mwamba penye kivuli, sahibu yangu akapiga, na dada akimuuliza maana ya maneno. Alimfasiria mstari kwa mstari, kwa Kiswahili cha mama yake, na mara nyingine tafsiri ikawa nzuri kuliko wimbo. Niliwaona. Sitasema sikuona. Nilifurahi hata, kwa sababu niliwapenda wote wawili na sikufikiri mbali.

Alipopata kazi ya ualimu, alimtuma mama yake kuposa. Mama Mdogo alivaa nguo yake ya Idi, akapita mlango wa mbele badala ya wa uwani, akakaa juu ya zulia ukumbini na sahani ya halua mbele yake. Aliposema lililomleta, mama yangu alicheka kidogo, akadhani mzaha. Kisha akasema atamwambia baba.

Baba aliwaita ami zangu wawili siku ya pili yake. Mlango wa majlisi, chumba cha kukaa wanaume, haukufungwa. Mimi niliitwa mwisho, nikakaa karibu na viatu.

"Kijana mwenyewe nnampenda," baba alisema. "Nimemlea mimi. Lakini mapenzi si kufu. Nitamwambia nini mtu akiniuliza mkwe wangu kabila gani?"

Ami yangu mkubwa akanigeukia. "Wewe ndiye sahibu yake, na msichana ni dada yako. Unasemaje?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina shahada, nina kazi serikalini. Nilijua jawabu. Nilikuwa nalo kinywani. Nikasema, "Mnaona nyinyi, ami."

Ndiyo yote niliyosema. Nilipotoka nilimkuta Mama Mdogo amesimama kwenye ujia, kati ya majlisi na jikoni, ameshika sinia la kahawa ya wale wale waliokuwa wakimjadili. Hakuna aliyemwagiza. Miaka yake yote wanaume wakikaa majlisi, yeye huleta kahawa. Akanipisha nipite.

Dada alilia siku tatu, kisha akaacha kulia akanijia chumbani.

"Wako wenzangu waliokwenda mahakamani," alisema. "Kadhi anaweza kuniozesha baba akikataa. Lakini nataka mtu wa nyumbani asimame na mimi. Simama na mimi, kaka."

"Unataka kumuua baba kwa aibu?" nilimwambia.

Baba aliishi miaka kumi na mitatu baada ya siku ile, akafa kwa kisukari, si kwa aibu.

Sahibu yangu na mama yake walihama kabla ya mwezi kwisha. Walikwenda Yiti, kijiji cha pwani, ambako alipata skuli ya kufundisha. Hakugombana na mtu. Alikuja kumuaga baba, akambusu mkono. Mimi alinipa salamu kama unavyompa mtu wa msikitini usiyemjua jina. Santuri na mashine aliniachia, na nilikuwa mpumbavu wa kutosha kudhani ni dalili ya wema. Dada akaolewa na mtoto wa ami, mtu wa kufu yake kabisa, aliyempiga miaka minne mpaka akarudi nyumbani na begi moja. Hakuna aliyeitwa majlisi kwa ajili ya hilo.

Hivi sasa nakaa Al Khoudh, na binti yangu anasoma chuo kile kile. Mwaka jana, nikimpeleka darasani, aliunganisha simu yake na redio ya gari, na magitaa yale yakaanza. Nilishituka hata nikapitiliza njia.

"Umeijuaje hii?" nilimuuliza.

"Baba, kila mtu anaijua. Wewe unaipenda?"

Nikasema naipenda tangu ujana wangu. Akauliza kwa upole, kama daktari: "Unajua lakini bendera waliyokuwa wakiitundika nyuma yao jukwaani?"

Sikujua. Akanieleza kwamba ile ilikuwa bendera ya watu wa majimbo ya kusini mwa Marekani, waliopigana vita ili wabaki na watumwa wao, na kwamba mpaka leo wako wanaoipeperusha wakijua wanachokisema. "Muziki mzuri," alisema akifungua mlango. "Lakini mimi huwa nasikiliza roho ikinisuta."

Nilikaa mbele ya chuo, wanafunzi wakinipita. Nilimfikiria sahibu yangu, mjukuu wa watu walionunuliwa, ameinamia gitaa mwaka mzima akitafuta sauti za watu wale. Nikajiona nina habari ya kumpelekea. Leo nikitazama naona nilikuwa natafuta kisingizio tu. Miaka ishirini nilikuwa sijapata sababu ya kwenda Yiti, mwendo usiofika saa.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Alinipokea mlangoni, mvi kichwani, miwani. Mkewe alituma tende na kahawa. Tuliulizana hali kwa urefu unaotakiwa. Nikamwambia habari ya bendera.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Mzee mwenyewe aliniambia pale getini. Nafikiri aliona haya kunipa santuri bila ya kuniambia. Alinitazama uso, akasema, wewe kijana uijue habari hii kwanza, kisha ukitaka uchukue."

"Na ukachukua? Ukaendelea kuipenda vile?"

Alinimiminia kahawa. "Kupenda vitu vya watu wasionitaka nilikwisha kuzoea," alisema. "Nimelelewa kwenu."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na yalitoka yamevurugika. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake, nadhani.

"Baba yako sikumlaumu," alisema. "Alisema alilofundishwa. Ami zako vile vile. Lakini mama alikuwa ujiani siku ile. Alirudi akaniambia, kakataa baba, kakataa ami. Nikamuuliza, na yeye? Akasema, yeye hakukataa. Kasema mnaona nyinyi. Mama alikuwa akilirudia neno hilo, wallahi, mpaka anakufa. Mtu akimletea chakula akimuuliza atakula nini: mnaona nyinyi. Anacheka mwenyewe."

Mama Mdogo alikuwa amefariki miaka sita kabla. Habari ilinifikia siku ya pili ya matanga, na nilikuwa na mkutano.

Nilimuuliza kama bado anapiga gitaa. Akasema vidole vina baridi yabisi, lakini albamu huisikiliza, tena mara nyingi. "Ni nzuri, yakhe. Nifanyeje? Uzuri wake hauondoki kwa sababu mimi nimeudhika." Alisema yakhe kwa mazoea, nikaona amejuta. Nilikaa nikisubiri aulize habari za dada yangu. Niliaga, nikavaa viatu, nikasimama mlangoni zaidi ya inavyopasa. Hakuuliza.

Dada anakaa nami tangu mama afariki. Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikamwambia nilikokwenda. Hakunyanyua uso.

"Ana watoto?"

"Watatu."

"Alhamdulillahi." Akatupa chembe ya jiwe kando ya ungo. "Kaniuliza?"

Nilitaka kumpa kitu, hata kidogo. Nikasema, "Anakusalimu sana."

Aliinua macho akanitazama muda mrefu, na sikuona hasira ndani yake. Ningeipendelea hasira.

"Siku ya kusema ulinyamaza," alisema, "na leo ya kunyamaza unasema."

Akarudi kwenye mchele wake. Nilisimama pale nikingojea neno jingine, kisha nikatoka kwenda kumchukua binti yangu chuoni.